Kubwa ipi? Jinsi ya kuchagua kati ya big, large, great na wenzao

Anayeandika Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili mara nyingi hukwama kwenye neno jepesi kabisa: "kubwa". Kwetu kivumishi hiki hubeba karibu kila kitu. Tunasema nyumba kubwa, mvua kubwa, kosa kubwa, furaha kubwa, idadi kubwa, sauti kubwa, kaka mkubwa. Ukifungua kamusi unakuta big, large na great zimepangwa kwa mkato, bila kuambiwa ipi iende wapi. Ndipo mtu anaandika "I have a big respect for her" au "a big number of people". Msomaji anaelewa, lakini anajikwaa.

Mkanganyiko huu unatokana na kudhani kwamba maneno haya yamepangwa kwa ukubwa, kwamba great ni kubwa kuliko large na large ni kubwa kuliko big. Mpangilio huo haupo. Kinachoamua ni nomino inayofuata: je, inataja kitu kinachoshikika, kiasi kinachopimika, tukio, au hisia? Ukishaijua nomino yako, nusu ya kazi imekwisha.

Vitu vinavyoshikika

Kwa nyumba, sanduku, mbwa au bustani, big na large zina maana moja na zote ni sahihi. Tofauti ni ya mazingira. Big ni neno la mazungumzo, la watoto, la barua kwa rafiki. Large ni neno la ripoti, la tangazo la nyumba inayouzwa, la maandishi ya kisayansi. Mtu anayesimulia atasema "a big dog". Taarifa ya polisi itaandika "a large dog". Mbwa ni yuleyule.

Ndiyo maana saizi za nguo huandikwa small, medium na large, na hutaona fulana yenye lebo ya big. Lakini mtu akiivaa ikampwaya, atasema "It's too big for me". Lebo inapanga, mvaaji anaongea.

Great haliingii hapa kirahisi. "A great house" kwa masikio ya leo ni nyumba nzuri sana, au jumba la kifahari la watu wa zamani. "A great tree" husikika kama ngano. Katika Kiingereza cha kale neno hili lilitaja ukubwa wa mwili, hasa unene, na lina undugu na groß la Kijerumani na groot la Kiholanzi. Siku hizi katika maongezi ya kawaida limehamia kwenye uzuri na umuhimu, na ukubwa wa umbo limeziachia big na large. Limebaki na kazi ya kukolezea: "a great big dog" ni mbwa mkubwa kwelikweli. Mpangilio huo haugeuzwi. "A big great dog" haisemwi.

Ukitaka kuona pengo kati ya maneno haya matatu kwa ukaribu, yaweke mbele ya mtu. "A big man" ni mtu wa mwili mkubwa: mrefu, mpana, pengine mwenye nguvu. "A large man" huelekea unene, na mara nyingi ni njia ya adabu ya kuutaja bila kusema fat. "A great man" haihusu mwili hata kidogo. Ni mtu aliyefanya mambo ya kukumbukwa, na anaweza kuwa mfupi na mwembamba. Mwandishi wa taazia akikosea hapa anaharibu vibaya. Akikusudia kusema marehemu alikuwa mtu mkubwa kwa heshima yake, kisha akaandika "he was a large man", amewaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mnene.

Moyo nao una mtego wake. "She has a big heart" ni sifa: ni mkarimu, ana huruma. Moyo uliotanuka kwa ugonjwa, daktari huuita "an enlarged heart". Anayetafsiri cheti cha hospitali asichanganye hayo mawili.

Hisia, matukio na kiasi

Hapa ndipo makosa yanapozidi, na hapa ndipo kuna kanuni inayosaidia zaidi kuliko zote: big mara chache sana hukaa mbele ya nomino isiyohesabika. Heshima, furaha, maumivu, uangalifu, ugumu, huzuni na hamu havihesabiki katika Kiingereza, na neno lake ni great: great respect, great joy, great pain, great care, great difficulty. Angalia pia kwamba nyingi kati ya hizi hazitangulizwi na "a". Kwa hiyo sentensi tuliyoanza nayo ina makosa mawili, na marekebisho yake ni "I have great respect for her".

Misemo michache imejitoa kwenye kanuni hii, nayo ni ya kukariri: big money, big business, big trouble, big news. Yote ina ladha ya mazungumzo au ya magazeti.

Nomino ikiwa ya kufikirika lakini inahesabika, hasa ikitaja tukio au jambo lenye mwanzo na mwisho, big linarudi kwa nguvu: a big mistake, a big decision, a big surprise, a big problem, a big day. "Large mistake" si la kawaida, na "large problem" husikika geni, kwa sababu large linataka kitu kinachoweza kupimwa kwa urefu, eneo, uzito au hesabu. Kosa halina mita.

Kinyume chake, kila kinachopimwa ni mali ya large: a large area, a large sum, a large population, a large proportion, a large quantity. Neno hili liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa, na asili yake ni largus la Kilatini lililomaanisha tele au karimu. Harufu ya wingi haijalitoka. Andika "a large number of people", si "a big number". "Big number" husemwa pale ambapo namba yenyewe ndiyo kubwa, kama milioni dhidi ya kumi.

Ukiwa kwenye kiasi, tenganisha pia number na amount. Number huenda na vinavyohesabika: a large number of books. Amount huenda na visivyohesabika: a large amount of water. Na kwa muda, kazi au fedha, Kiingereza kina "a great deal of", ambayo ni nzito kidogo na hufaa maandishi rasmi: a great deal of time. Usiichanganye na "a big deal", ambayo maana yake ni jambo la kushughulisha watu. Wala "a great deal" inayosimama peke yake, ambayo mara nyingi ni biashara nzuri, bei ya kufurahisha. Kwa jinsi zinavyofanana kwa sura, hizi tatu zinastahili kuandikwa kwenye daftari na kurudiwa.

Great na -kuu

Kiswahili kinatupa msaada ambao watu wengi hawautumii. Tuna -kubwa, lakini pia tuna -kuu, na -kuu hulingana na great katika majina ya mahali na matukio kwa uaminifu wa ajabu. The Great Lakes ni Maziwa Makuu. The Great Wall of China ni Ukuta Mkuu wa China. Alexander the Great ni Aleksanda Mkuu. Vita vya 1914 hadi 1918, kabla ya vile vya 1939 kuzuka, Waingereza waliviita the Great War; sisi hadi leo tunasema Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Katika majina haya yote hakuna anayesema kitu ni kizuri. Kinachosemwa ni kwamba kina cheo katika historia au jiografia.

Ukikumbuka hilo hutashangaa kuona majanga yanaitwa great. Tauni iliyoikumba London mwaka 1665 ni the Great Plague. Mwaka uliofuata, Septemba 1666, moto ulianza kwenye duka la kuoka mikate katika mtaa wa Pudding Lane, ukateketeza zaidi ya nyumba 13,000, nao ni the Great Fire of London. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ni the Great Depression. Mwanafunzi anayejua great kwa maana ya "nzuri sana" tu atasoma majina haya na kupotea. Tafsiri iliyo salama ni -kuu, au -kubwa pale -kuu inapokuwa na uzito kupita kiasi.

Great Britain ni kisa kingine. Hakuna majivuno kwenye jina hilo. Great ililitofautisha eneo hilo na Brittany, rasi ya Ufaransa yenye jina la asili moja, ambayo ni ndogo zaidi. Matumizi haya ya kulinganisha yapo hai katika majina ya wanyama, ila huko neno huvaa umbo la ulinganishi: greater kudu ni tandala mkubwa, lesser kudu ni tandala mdogo.

Lakini -kuu hailingani na great kila mahali. Barabara kuu ni main road au highway. Makao makuu ni headquarters. Mwalimu mkuu ni head teacher, na mtu akiandika "great teacher" amemsifu ufundishaji badala ya kutaja cheo chake. Lengo kuu ni main aim. Jumla kuu ni grand total. Kanuni fupi: -kuu ya cheo au ya nafasi ya kwanza huwa main, chief au head, -kuu ya historia na ya majina huwa great.

Ukubwa wa ukoo

Kaka mkubwa ni big brother katika mazungumzo, na elder brother au older brother katika maandishi. Large brother ni kaka mnene. Hilo ni rahisi.

Mama mkubwa ndiye anayewatesa watafsiri. Big mother haipo. Wengine hukimbilia great-aunt wakidhani great hapo inataja ukubwa wa umri, na hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu great katika majina ya ukoo huhesabu vizazi. Great-aunt ni dada wa babu au bibi. Great-grandfather ni baba wa babu au wa bibi, na ukiongeza great nyingine unapanda kizazi kimoja. Mama mkubwa, dada mkubwa wa mama, kwa Kiingereza ni aunt tu. Umri wake ukiwa muhimu kwa habari yenyewe, sema "my mother's elder sister". Vivyo hivyo baba mkubwa ni uncle, au "my father's elder brother". Katika hati za mirathi na maombi ya viza, kizazi kimoja kikikosewa, uhusiano mzima unabadilika.

Na mkubwa wa kazini? Huyo ni boss, superior au senior. "Wakubwa wameamua" si "the big ones have decided". Ni the management, au the authorities, kutegemea wakubwa wepi.

Pale ambapo hakuna hata moja linalofaa

Kuna "kubwa" nyingi za Kiswahili ambazo Kiingereza hukataa kuzitafsiri kwa big, large wala great, kwa sababu nomino husika tayari ina kivumishi chake. Mvua kubwa ni heavy rain. Foleni kubwa ya magari ni heavy traffic. Bei kubwa ni high price, kasi kubwa ni high speed, joto kubwa ni high temperature. Sauti kubwa ni loud voice. "A big voice" ipo, lakini inamsifu mwimbaji mwenye sauti nene na pana, kwa hiyo ukimwambia mtu aseme kwa sauti kubwa, sema "speak louder" au "speak up". Ugonjwa mkubwa ni serious illness. Upasuaji mkubwa ni major surgery. Mti mkubwa unaweza kuwa big tree, ila ikiwa unachokitazama ni urefu, ni tall tree.

Haya hayana kanuni ya kuyafunga yote pamoja. Yanafundishwa kwa jozi, nomino na kivumishi chake vikikaririwa kama neno moja, na anayejaribu kuyatoa kichwani kwa mantiki atachoka bure.

Makubwa kupita kawaida

Juu ya hayo matatu yapo huge, enormous, immense, vast, massive, gigantic, colossal na tremendous. Mengi yanabadilishana, lakini asili zao zimeacha alama.

Vast limetokana na vastus la Kilatini, lililotaja utupu na ukiwa. Mpaka leo linapenda nafasi pana: a vast desert, a vast ocean, na kwa kupanuka, a vast amount na the vast majority. Halipendi mnyama wala kiungo cha mwili; "a vast dog" ni kosa. Immense ni "kisichopimika", na hufaa sana mambo ya ndani: immense pressure, immense pride. Enormous linatokana na norma, pembemraba ya seremala, kwa hiyo ni kitu kilichotoka nje ya kipimo. Ni neno salama, rasmi kiasi. Nomino yake enormity lakini ina mtego: kwa asili inataja uovu uliokithiri, kama the enormity of the crime. Wapo wanaoitumia kwa ukubwa tu, na wasomaji makini hukasirika. Kwa ukubwa mtupu andika enormous size.

Massive huleta uzito na ugumu: a massive wall, massive damage. Katika maongezi ya Waingereza limekuwa neno la kila kitu, jambo linalolifanya lisifae sana ripoti. Tremendous lina mzizi wa kutetemeka, lakini leo huegemea kwenye kusifu: a tremendous effort. Colossal limetokana na kolossos la Kigiriki, yaani sanamu kubwa mno, kama ile ya kisiwa cha Rhodes, yenye kimo cha takriban mita 33, iliyoangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 226 KK. Sanamu yenyewe ilisimama miongo michache tu.

Ukilazimika kuchagua moja tu la kubeba kwenye mazungumzo, chukua huge. Linakubaliana na karibu kila nomino, iwe nyumba, kosa, kiasi au tofauti. Kasoro yake ni kwamba linakuza, kwa hiyo ukilitumia kwa kila jambo msomaji ataacha kukuamini.

Maneno haya ya kupita kiasi yana sharti moja la sarufi. Tayari yana "sana" ndani yake, kwa hiyo hayapatani na very. "Very big" ni sawa. "Very huge" na "very enormous" zinachukiza sikio. Tumia absolutely au really: absolutely huge, really enormous. Kwa upande mwingine, absolutely haipatani na big wala large. Na katika kulinganisha, "kubwa zaidi sana" ni much bigger au far larger. "Very bigger" haipo kabisa. Kumbuka pia kwamba big huongeza g katika tahajia, bigger na biggest, ilhali large hupokea r na st tu.

Significant: neno linalopotosha habari za sayansi

Waandishi wanaotafsiri habari za utafiti hukutana na significant na kulifanya "kubwa". Katika lugha ya kawaida huenda ikapita, kwani "a significant sum" ni kiasi cha maana. Katika takwimu ni kosa lenye madhara. "A statistically significant difference" ni tofauti ambayo, kwa hesabu zilizofanywa, si rahisi kuwa imetokea kwa bahati tu. Haisemi lolote kuhusu ukubwa wake. Dawa inaweza kupunguza muda wa homa kwa saa mbili kati ya siku saba, na tofauti hiyo ikawa significant kwa sababu waliopimwa walikuwa wengi sana. Ukiandika "dawa hii imeleta nafuu kubwa", umewadanganya wagonjwa bila kukusudia. Andika "tofauti ya kitakwimu", kisha utoe kiwango chenyewe: saa mbili.

Substantial na considerable ni majirani zake. Hayo kweli yanataja ukubwa, kwa sauti ya kujizuia, na mikataba inayapenda. Ukiyaona kwenye mkataba, usiyaachie yatafsiriwe kwa "kubwa" kabla ya kuangalia kama kifungu cha fasili kimeweka kiwango. Mara nyingi mgogoro huzaliwa hapo, kwa kuwa "sehemu kubwa" ya mmoja ni robo na ya mwingine ni zaidi ya nusu.

Kujihakikishia mwenyewe

Kamusi ya tafsiri haitoshi kwa kazi hii. Kinachotosha ni hazina za matini, yaani mikusanyo ya maandishi halisi unayoweza kuitafuta kwenye intaneti. British National Corpus ina maneno milioni 100; Corpus of Contemporary American English ina zaidi ya bilioni 1. Andika nomino yako, omba vivumishi vinavyoitangulia, na utazame vile vya juu kwenye orodha. Ukitafuta "number", large itakuwa mbali mbele ya big. Usiishie kwenye hesabu. Fungua mifano mitano au sita uisome yote, kwa sababu "big difference" na "great difference" zote zinatokea mara nyingi, na ni sentensi nzima ndiyo itakayokuonyesha kwamba ya kwanza ni ya kusema na ya pili ni ya kuandika.

Mwisho kuna mpangilio. Kivumishi cha ukubwa hutangulia umri, rangi na kilichotengenezewa kitu, na hufuata maoni: a beautiful large old wooden table. Kiswahili huanza na nomino na hakina ugumu huo, ndiyo maana "a wooden big table" huponyoka kirahisi. Vivumishi vikizidi vitatu, gawa sentensi.